Namna ya Kutamka Diftongo za Kiingereza: Mwongozo kwa Wasemaji wa Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza anaanza akiwa na akiba nzuri: irabu tano za lugha yake ni safi, hazibadiliki kutoka neno moja hadi jingine, na karibu diftongo zote za Kiingereza zinaweza kujengwa juu yake. Hata hivyo, diftongo hizo hizo ndizo zinazomfanya msikilizaji wa nje asikie "letter" wakati mtu amekusudia "later", au "want" wakati amekusudia "won't". Jambo hilo haliishii kwenye lafudhi. Lafudhi ya Afrika Mashariki haina ubaya wowote, na hakuna sababu ya mtu kuionea haya. Lakini maneno mawili yenye maana tofauti yanapotoka kinywani yakiwa na sauti moja, mazungumzo hukwama, na hilo linastahili kurekebishwa.

Diftongo ni irabu inayoanzia mahali pamoja kinywani na kuishia mahali pengine, yote hayo ndani ya silabi moja. Sharti la silabi moja ndilo lenye uzito, kwa kuwa katika Kiswahili irabu mbili zinapofuatana kila moja husimama kama silabi yake: "chai" ni cha-i, "dau" ni da-u, "nguo" ni ngu-o. Kiingereza cha Uingereza, kama kinavyoelezwa katika vitabu vingi vya shule, kina diftongo nane, ambazo kamusi huziandika hivi: /eɪ/ ya "day", /aɪ/ ya "my", /ɔɪ/ ya "boy", /əʊ/ ya "go", /aʊ/ ya "now", /ɪə/ ya "near", /eə/ ya "hair" na /ʊə/ ya "pure". Kiingereza cha Marekani huhesabiwa kuwa na tano tu, kwa sababu zile tatu za mwisho Wamarekani walio wengi huzitamka kama irabu inayofuatwa na r. Alama /ə/ huitwa shwa, nayo ni ile irabu hafifu ya katikati ya kinywa inayosikika mwanzoni mwa neno "about".

Ukitaka kujua sikio letu linavyozipokea sauti hizi, yatazame maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa kutoka Kiingereza. "Tai" ya shingoni, "oili" ya gari, "blauzi", "bia", "gia" na "spea" yamebaki na irabu mbili. Lakini "keki", "geti", "reli", "koti", "noti" na "goli" yamebakiwa na irabu moja tu, ingawa katika Kiingereza kila moja lina diftongo. Kwa hiyo tuna matatizo mawili yasiyofanana: diftongo fulani tunazipasua zikawa silabi mbili, na nyingine tunazibana zikawa irabu moja. Tiba ya tatizo la kwanza haifai kwa la pili, na ndiyo maana ni afadhali kuyashughulikia moja baada ya jingine.

Hatua ya kwanza: irudishe diftongo katika silabi moja

Anza na neno unalolijua. Tamka "tai" kama unavyolitamka katika sentensi "Amevaa tai", huku ukipiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. Utapiga mara mbili. Sasa tamka neno la Kiingereza "tie" kwa kofi moja tu: a iwe ndefu na yenye nguvu, na i ije mwishoni ikiwa hafifu, kana kwamba sauti inaishiwa nguvu kabla haijaifikia. Usiiondoe i, ipunguze tu. Ulimi huelekea kwenye i bila kufika kabisa, na ndiyo sababu kamusi huandika /ɪ/ badala ya /i/.

Anayeimba kwaya ana njia nyepesi zaidi ya kulielewa jambo hili. Mwimbaji aliyefunzwa vizuri anaposhikilia noti ndefu juu ya neno "sky" au "day", hukaa kwenye sehemu ya kwanza ya diftongo mpaka noti iko karibu kwisha, ndipo anapofunga kwa ile sehemu ya pili kwa haraka. Imba neno hilo kwa hesabu ya nne, funga kwenye hesabu ya mwisho, kisha fupisha hadi hesabu mbili, hatimaye liseme kwa mwendo wa kawaida. Uwiano wa sehemu mbili za sauti ubaki ule ule.

Hatua ya pili: ondoa mkazo kwenye nusu ya pili

Hapa ndipo pana mtego ambao wengi hawauoni. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tulipoyachukua maneno "line", "sign", "fine", "file" na "pound" tukayawekea irabu mwishoni, tulipata "laini" ya simu, "saini", "faini", "faili" na "pauni". Na kwa kufuata kanuni yetu, mkazo uliangukia i na u: la-I-ni, sa-I-ni, fa-I-ni, fa-I-li, pa-U-ni. Katika Kiingereza nguvu yote iko kwenye a. Maana yake ni kwamba maneno tuliyoyatumia tangu utotoni yametuzoesha kuipa nguvu nusu isiyostahili, na mwanafunzi anayesoma "Sign on the line" husikika akisema sa-IN on the la-IN, silabi mbili pale palipotakiwa moja, na mkazo upande usio wake.

Jirekebishe kwa kuyasema maneno ya jozi, la Kiswahili kwanza, kisha la Kiingereza: "laini" na "line", "saini" na "sign", "faili" na "file", "pauni" na "pound". Weka kidole chini ya kidevu. Katika neno la Kiingereza kidevu hushuka kwa nguvu mara moja, mwanzoni, kisha hupanda polepole. Ukihisi msukumo wa pili, umerudi kwenye Kiswahili. Angalia pia usiongeze irabu baada ya konsonanti ya mwisho, kwa kuwa irabu hiyo ikirejea, mkazo nao hurejea mahali pake pa zamani.

Hatua ya tatu: ifungue e mpaka iwe /eɪ/

Kati ya diftongo zote, hii ndiyo ningemshauri kila mtu aipe muda mwingi kuliko nyingine, kwa sababu imo katika maneno mengi ya kila siku, na kuikosea hubadilisha maana papo hapo. E ya Kiswahili hutamkwa taya likiwa limefunguka kiasi, karibu sana na irabu ya Kiingereza katika "get". Kwa hiyo anayesema "gate" kwa e ya "geti" amesema "get", na Mwingereza hana namna ya kukisia vinginevyo ila kwa muktadha.

Ni kweli kwamba wako wasemaji wazawa wa Kiingereza, kwa mfano huko Scotland na katika sehemu za kaskazini mwa Uingereza, wanaotamka "gate" kwa irabu moja isiyoteleza, na wanaeleweka. Lakini irabu yao huinuliwa juu zaidi kinywani kuliko ile ya "get", hivyo maneno mawili hubaki mbalimbali. Kinachotakiwa basi si kuiga lafudhi ya London, bali kuhakikisha kwamba "gate" na "get" hayalingani. Kwa msemaji wa Kiswahili njia iliyo rahisi ni kuteleza.

Chukua neno "bei". Liseme kwa Kiswahili, be-i, kisha libane liwe silabi moja, e ikiwa na nguvu na i ikiwa hafifu. Hilo ndilo neno la Kiingereza "bay". Fanya vivyo hivyo kwa mwezi wa Mei, nawe umepata "May". Simama mbele ya kioo uangalie: midomo huanza ikiwa imelegea, kisha pembe zake husogea kidogo pembeni kama mtu anayeanza kutabasamu, na taya hupanda. Ikiwa hakuna kilichosogea usoni, hukutamka diftongo.

Ukishaiweza katika neno linaloishia kwa irabu, ihamishie kwenye maneno yanayofungwa na konsonanti, ambako ndiko hupotea mara nyingi: "bay" kisha "bait", "may" kisha "make", "lay" kisha "late", "pay" kisha "pain". Baada ya hapo zifanyie kazi jozi hizi, ukizisoma kwa kwenda na kurudi: "test" na "taste", "wet" na "wait", "sell" na "sale", "tell" na "tail", "men" na "main", "fell" na "fail", "edge" na "age", "shed" na "shade". Kisha ziweke ndani ya sentensi, kwa kuwa sauti inayotamkwa vizuri peke yake mara nyingi huporomoka inapokutana na wenzake. "I want to test the soup" na "I want to taste the soup" ni kazi mbili tofauti jikoni, na mgeni wa hoteli anayeambiwa "I will bring it letter" hubaki ameduwaa akisubiri barua.

Hatua ya nne: ifungue o mpaka iwe /əʊ/

O ya Kiswahili nayo iko wazi, na huangukia karibu na irabu ndefu ya Uingereza katika "law". Ndiyo maana "low" hugeuka "law", "coat" hugeuka "caught", "boat" hugeuka "bought", "hole" hugeuka "hall", "bowl" hugeuka "ball", na "coast" husikika kama "cost". Jozi ya "want" na "won't" naitaja peke yake kwa sababu inahusu kukubali na kukataa: "I want to pay" na "I won't pay" si maneno ya kuchanganywa mbele ya mwenye nyumba wala mbele ya hakimu.

Utaona kwamba alama ya kamusi za Uingereza, /əʊ/, inaanzia kwenye shwa, midomo ikiwa haijaviringwa. Kamusi za Kimarekani huandika /oʊ/, yaani sauti inayoanzia kwenye o iliyoviringwa, na hata Uingereza yenyewe vitabu vya zamani viliandika hivyo. Mimi nashauri msemaji wa Kiswahili afuate njia ya o, kwa sababu tayari anayo, inaeleweka kote duniani, na kuitafuta shwa mwanzoni mwa diftongo humchosha mtu bila faida inayolingana na jasho. Anza na o yako, kisha ibane midomo taratibu kuelekea u. Mdomo uliokuwa mviringo mpana huishia kuwa mviringo mdogo, kama wa mtu anayetaka kupuliza mshumaa. Jaribu "go", kisha "goat", kisha "goal", na kwa hilo la mwisho hakikisha midomo imekwisha kujibana kabla ulimi haujagusa kwenye l, la sivyo utarudi kwenye "goli".

Hatua ya tano: /aɪ/, /aʊ/ na /ɔɪ/

Hizi tatu hazihitaji maelezo marefu. Viambato vyake vyote tunavyo, na aliyefaulu hatua mbili za mwanzo anazimudu. Katika /aʊ/ midomo huanza wazi kabisa na kuishia mviringo. Katika /ɔɪ/ hufanya kinyume, huanza mviringo na kuishia imetandazwa. Soma "now", "house", "down", kisha "boy", "voice", "join", ukiangalia midomo kwenye kioo. Baadhi ya maneno huongeza shwa baada ya diftongo, kama "fire", "hour" na "power". Yaseme kwa wepesi bila kuingiza y au w nzito katikati.

Hatua ya sita: zile zinazoishia kwenye shwa

Kwa /ɪə/ na /eə/ mkazo wetu umekwisha kukaa mahali pake. Tunasema BI-a, GI-a, SPE-a, na Kiingereza nacho kinaweka nguvu mwanzoni. Kilichobaki ni kuidhoofisha ile a ya mwisho hadi iwe mnong'ono wa shwa. Kazi kubwa zaidi ni kuzitenganisha zenyewe kwa zenyewe, kwa maana "beer" na "bear", "ear" na "air", "hear" na "hair", "cheer" na "chair", "fear" na "fair" hutofautiana kwa sehemu ya kwanza tu: ulimi juu kwenye i, au chini kidogo kwenye e.

Kusini mwa Uingereza wasemaji wengi wa leo hawatelezi tena katika /eə/; huivuta tu e ikawa ndefu, kwa hiyo ukisema "hair" kwa e ndefu usidhani umekosea. Vilevile /ʊə/ inazidi kupungua, na "poor" na "sure" kwa wengi hutamkwa kwa irabu ndefu ile ile ya "law". Anayefuata Kiingereza cha Marekani atamke r mahali pa shwa. Chagua upande mmoja ukae nao, kwa kuwa kuchanganya "hair" ya London na "near" ya Chicago katika sentensi moja humvuruga msikilizaji.

Hatua ya saba: urefu kabla ya konsonanti ya mwisho

Diftongo hufupishwa inapofuatwa na konsonanti sighuna, yaani zinazotamkwa bila koo kutetema, kama p, t, k, f na s, na hubaki ndefu mbele ya konsonanti ghuna, zinazotamkwa koo likitetema, kama b, d, g, v na z. Sikiliza "rice" na "rise", "ice" na "eyes", "place" na "plays", "right" na "ride", "coat" na "code", "late" na "laid". Waingereza wengi huitambua konsonanti ya mwisho kwa urefu wa irabu iliyoitangulia kuliko kwa konsonanti yenyewe, ambayo mara nyingi husikika kwa shida. Kwa hiyo ukitaka "rise" isisikike "rice", usijibidiishe na z, ivute /aɪ/.

Hatua ya nane: usiiamini tahajia

Anayesoma Kiswahili amezoea herufi zisizodanganya, na tabia hiyo njema humponza katika Kiingereza. Sababu iko katika historia. Irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika sana kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi. "Time" ilikuwa na i ndefu, na "name" ilikuwa na a ndefu, karibu na vile ambavyo Mswahili angeyasoma maneno hayo leo. William Caxton aliingiza uchapishaji Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati sauti zikiendelea kuhama. Matokeo yake ni kwamba "ow" ni /əʊ/ katika "know", "slow" na "grow", lakini ni /aʊ/ katika "now", "cow" na "town". "Ei" ni /eɪ/ katika "weight" lakini /aɪ/ katika "height". Na "ea" ni /eɪ/ katika "great", "break" na "steak", /eə/ katika "bear" na "wear", /ɪə/ katika "near" na "dear", na si diftongo kabisa katika "bread".

Yako pia maneno yanayoonekana kuwa na diftongo kumbe hayana. "Said" na "says" hutamkwa kwa e fupi ya "get", ingawa "say" ina /eɪ/. "Gone" haina /əʊ/. Silabi isiyo na mkazo hupoteza diftongo yake mara nyingi, hivyo "village" na "message" hayaishii kwa sauti ya "age", "mountain" ina /aʊ/ mwanzoni lakini haiishii kwa sauti ya "rain", na "private" na "climate" hayaishii kwa sauti ya "late". Maneno kama "graduate", "estimate" na "separate" yanataka uangalifu zaidi: yakiwa vitenzi huishia kwa /eɪt/, lakini "graduate" na "estimate" zikiwa nomino, na "separate" ikiwa kivumishi, huishia kwa shwa. Mhitimu anayesema "I am a graduate" aimalizie kwa shwa. Anayesema "I will graduate next year" aifungue /eɪ/ yake.

Dawa ni kamusi. Kamusi za Oxford na Cambridge zilizoko mtandaoni hutoa alama za matamshi pamoja na sauti ya Uingereza na ya Marekani bila malipo. Kila unapoandika neno jipya daftarini, nakili alama ya diftongo yake juu ya silabi yenye mkazo. Baada ya muda jicho litaizoea.

Hatua ya tisa: jipime kwa sikio la mtu mwingine

Kujisikiliza mwenyewe hakutoshi, kwa kuwa sikio lako linajua tayari ulichokusudia kusema. Andika jozi kumi katika karatasi, kila jozi mstari wake, neno moja kushoto na jingine kulia. Mpe mwenzako karatasi hiyo, wewe ukae na nakala uliyotia alama kwa siri kwenye neno moja la kila mstari. Soma maneno uliyoyatia alama, bila kuinua macho wala kuonyesha kwa mkono, naye aonyeshe alilolisikia. Mstari ambao amekosea, usiurudie kwa sauti kubwa zaidi. Rudi kwenye kioo uone ni sehemu gani ya uso haikusogea.

Kama hauna mwenza karibu, mtumie rafiki ujumbe wa sauti wenye maneno hayo na umwombe akuandikie alichosikia. Baada ya siku mbili tatu, usikilize ujumbe huo wewe mwenyewe kabla ya kuitazama tena orodha, nawe uandike unachosikia. Wakati huo utakuwa umeyasahau maneno uliyoyachagua, na sikio litatoa hukumu ya haki. Anza na jozi za e peke yake mpaka mwenzako asikosee hata moja, ndipo uende kwenye za o, na mwishoni uzichanganye zote katika sentensi ndefu kama "Wait at the gate and don't go home alone in the rain", ambayo ina diftongo saba, tatu za /eɪ/ na nne za /əʊ/, zote za aina mbili ambazo Kiswahili hupenda kuzibana.